MWENYE MAKELELE NI NANI?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Sogeeni karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: MKWARUZO. Mkwaruzo ni yale makelele yanayoingia katika redio na kuyafunika maneno ya msemaji. Leo tutajifunza historia ya watu walioutafuta mkwaruzo mpaka wakamjua mwenyewe.

Mtauliza, faida yake nini? Kumbukeni mwaka 1973. Mwaka ule kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha watu wazima wa Tanzania, kwa njia ya redio, jinsi ya kujikinga na malaria, kichocho, kuhara damu na maradhi mengine. Watu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio moja. Mkwaruzo ukimeza sentensi moja tu, na sentensi hiyo ikawa ile ya kuchemsha maji, kikundi kizima hurudi nyumbani bila ya dawa. Mkwaruzo si jambo dogo.

Basi tuanze mwanzo. Mwaka 1887 na 1888, mtaalamu wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alirusha cheche za umeme, akaonyesha kwamba cheche hutoa mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Mitambo ya kwanza ya kupeleka habari bila waya ilitumia cheche hizo. Lakini cheche ina tabia mbaya: haina njia moja. Ni kama mtu apigaye kelele sokoni. Kila mwenye sikio humsikia, apende asipende. Ndiyo sababu hata leo radi, plagi ya pikipiki, na mashine ya kuchomelea vyuma hukwaruza redio. Vyote hivyo ni ndugu wa mtambo ule wa kwanza, maana vyote hurusha cheche.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Miongoni mwa watu wa kwanza kulaumiwa kwa makelele walikuwa watu wa redio ya ridhaa. Hao ni watu wanaozungumza kwa redio kwa mapenzi yao na kwa kujifunza, si kwa biashara. Huko Marekani vijana wengi walijiundia mitambo ya cheche nyumbani, wakaziingilia meli zilipokuwa zikipeana habari. Mwaka 1912, baada ya meli ya Titanic kuzama, sheria ilitungwa. Watu wa ridhaa wakatakiwa kuwa na leseni, tena wakasukumwa kwenye mawimbi mafupi, ya mita 200 kushuka chini, ambayo wakubwa waliyaona hayana kazi.

Je, walikaa wakinung'unika? La. Walijaribu na kujaribu. Desemba 1921 mawimbi yao yalisikika Scotland, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1923 mtu wa Marekani na mtu wa Ufaransa wakajibizana kwa mawimbi ya mita 110 hivi. Kumbe mawimbi yaliyodharauliwa ndiyo yanayokwenda mbali! Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam nayo iliyatumia mawimbi mafupi kuifikia mikoa ya mbali.

Tumjue na mtafutaji mwingine. Jina lake Karl Jansky, kijana wa maabara ya simu ya Bell, Marekani. Simu za redio za kuvuka bahari zilikuwa zikikwaruzwa, naye akapewa kazi ya kutafuta sababu. Alijenga antena ndefu ya mita 30 hivi, akaiweka juu ya magurudumu ya motokaa ili aweze kuizungusha na kujua mkwaruzo unatoka upande gani. Alipata aina tatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo mdogo usiokatika, asioujua asili yake.

Kwanza alidhani mvumo ule unatoka kwenye jua. Lakini aliendelea kuandika saa zake kwa muda wa miezi mingi. Akaona haurudi kila baada ya saa 24 kama jua, bali baada ya saa 23 na dakika 56, kama zirudivyo nyota. Mwaka 1933 akatangaza kwamba mvumo unatoka katikati ya kundi letu kubwa la nyota, ule mkanda mweupe tunaouona angani usiku. Mwaka 1937 mtu wa redio ya ridhaa, Grote Reber, alijenga antena ya mfano wa bakuli, yenye upana wa mita 9 hivi, karibu na nyumba yake, apate kuusikiliza zaidi. Hivyo elimu mpya ya nyota ikazaliwa katika kutafuta makelele.

Turudi kwetu. Masumbwe ilikuwa zamani katika Mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita, nchi ya dhahabu. Penye dhahabu pana makarasha ya kusagia mawe, pana mota na jenereta. Majumbani mna chaja na taa za sola. Vyombo hivi vikiwa vibovu au vya hafifu, huweza kukwaruza. Watu wa ridhaa wa Tanzania, ambao alama zao za kuitana huanza na 5H, husikiliza sauti dhaifu za kutoka mbali. Kwao mkwaruzo mdogo hufunga mlango mzima.

Mtafutaji mwema huanza kwake. Chukua redio ya betri, kisha zima swichi kubwa ya nyumba. Mkwaruzo ukikoma, mwenye makelele ni wewe; washa chombo kimoja kimoja mpaka umwone. Usipokoma, andika saa unapoanza na saa unapokwisha. Halafu tafuta upande. Ndani ya redio nyingi ndogo za mawimbi ya kati mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya. Geuza redio polepole mpaka mkwaruzo uwe mdogo kabisa. Hapo ncha za kijiti zinaonyesha njia ya chanzo, mbele au nyuma. Chora mstari. Nenda mahali pengine, fanya vilevile. Mistari inapokutana, ndipo penye mwenyewe. Ikikuongoza kwenye nguzo ya umeme, usiiguse wala usiipande. Waite mafundi wa TANESCO.

Na ikikuongoza kwa jirani? Usiende kwa ukali. Mwenye karasha hasikii unayoyasikia wewe. Mwendee kwa salamu, mkononi una daftari lenye saa na siku, mzime na kuwasha pamoja. Kumshika mtu kabla ya kupima ni dhuluma. Jansky angetaka tu wa kumlaumu, angelitaja jua na kwenda zake kulala.

Jadilianeni sasa: Kwa nini cheche hukwaruza redio? Jansky alijuaje kwamba mvumo hautoki kwenye jua? Hapa kwetu, ni vyombo gani vinavyoweza kukwaruza, na saa ngapi? Kila mmoja aandike jibu lake daftarini.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.