Takwimu: elimu ya kuipima shaka

Wengi wanaosoma takwimu chuoni hulichukulia somo hilo kuwa ni mzigo wa majedwali na kanuni. Historia ya tiba ya kifua kikuu, msikilizaji, yatuonyesha sura yake nyingine.

Mwaka 1911 Karl Pearson alianzisha idara ya takwimu katika University College London, inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Miongoni mwa waliohudhuria mihadhara yake baadaye alikuwamo Austin Bradford Hill. Kijana huyo alitamani udaktari, lakini mwaka 1917, akiwa rubani katika Vita Vikuu vya Kwanza, aliugua kifua kikuu na ndoto yake ikakatika. Alisoma uchumi kwa njia ya posta, akapata shahada mwaka 1922, kisha akageukia takwimu za tiba.

Swali lililowasumbua matabibu lilikuwa hili: mgonjwa akipona baada ya kupewa dawa, je, ni dawa iliyomponya, au angepona hata bila ya dawa hiyo? Tena daktari akiachiwa achague mwenyewe, huenda akawapa dawa wale tu wenye matumaini ya kupona.

Dawa ya streptomisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Uingereza, iliyodhoofishwa na vita, haikuwa na dola za kuinunua kwa wingi. Isingewatosha wagonjwa wote. Hill akashauri mgao ufanywe kwa nasibu, na jina la kundi lifichwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Wagonjwa walikuwa 107. Kati ya 55 waliodungwa sindano, 4 walifariki dunia katika miezi 6. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani bila ya dawa hiyo, walifariki 14. Matokeo yalitangazwa mwaka 1948. Pengo hilo lilikuwa kubwa mno kuhesabiwa kuwa ni bahati tu.

Hata hivyo, hesabu haikufungwa hapo. Baada ya miaka 5, waliofariki walikuwa 32 katika kundi la kwanza na 35 katika la pili. Vijidudu vilikuwa vimejenga usugu. Ndipo ikadhihirika kwamba dawa moja peke yake haitoshi, zikaanza kuchanganywa.

Mbinu hiyo ya mgao wa nasibu ilifika Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1970, watafiti wa huko na wa Uingereza walilinganisha tiba ya miezi 6 na ile ya miezi 18. Matokeo ya mwaka 1972 yalionyesha kwamba miezi 6 yaweza kutosha, iwapo rifampisini au pirazinamidi itaongezwa. Kwa mkulima au mchuuzi aliyetibiwa mbali na kwao, mwaka mzima wa matibabu ulipungua.

Takwimu haiondoi shaka. Humfundisha mwanafunzi kuipima, na kukubali kusahihishwa pindi hesabu mpya inapofika.