Tshibumba Kanda Matulu: Mchoraji na Mwanahistoria

Miongoni mwa wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu ana nafasi ya pekee. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji huo, wakati ukiitwa Élisabethville. Sawa na wenzake, aliishi kwa kuuza picha alizozichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na wanunuzi walizitundika sebuleni.

Sifa kuu ya picha hizo iliitwa kwa neno la Kiswahili: ukumbusho. Picha njema ni ile iliyomfanya mtazamaji akumbuke na kuwaza, wala si kupendeza macho tu. Wachoraji walirudia mada zilizozoeleka, kama vile mamba muntu, utawala wa Wabelgiji na utumwa wa Waarabu.

Tshibumba aliuvuka mpaka huo. Kati ya miaka 1973 na 1974 alimpatia mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zipatazo 100 zilizosimulia historia ya nchi tangu enzi za mababu, akazieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Mtindo wake una maumbo yaliyo wazi, rangi zilizokolea na maandishi ya Kifaransa ndani ya picha. Hata hivyo hakuiga tu mambo yalivyotokea. Katika picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa mwaka 1961, aliweka misalaba mitatu; hivyo tukio la siasa likawa mateso ya Kristo.

Kazi hiyo yawahusu pia watu wa Maniema ya kusini. Kiswahili kilifika Kasongo na Kabambare pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikabaki hata baada ya majeshi ya Dola Huru la Kongo kuiteka Kasongo mwaka 1893 na Kabambare mwaka 1894. Kiswahili cha Kongo mara nyingi huitwa kibovu. Lakini ndicho alichokitumia Tshibumba kudai cheo cha mwanahistoria. Anayesema kwamba lugha hiyo haiwezi kubeba fikra nzito hana budi kuzijibu kwanza picha hizo.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Mazungumzo yake yalichapishwa mwaka 1996, na picha zenyewe zimehifadhiwa Amsterdam, mbali na waliokusudiwa kukumbushwa. Basi yafaa masimulizi ya wazee wa Kabambare yaandikwe mapema, tena jinsi yanavyosemwa, kabla mkono wa msahihishaji haujayagusa.