Kukataza tumbaku: sheria ianzie ghalani au kwenye sinia la mama?

BUNIA – Kila jioni, kandokando ya Boulevard de la Libération, akina mama na vijana hupita na masinia. Juu yake kuna karanga, biskuti, pipi na pakiti ya sigara iliyofunguliwa. Mteja hanunui pakiti nzima. Anatoa noti yake, anachukua sigara moja, anaiwasha kwa kiberiti cha muuzaji na kuendelea na safari. Baadhi ya wauzaji hawa walifika mjini wakikimbia mauaji katika maeneo ya Djugu na Irumu. Shamba limebaki kule, na sinia ndilo shamba la sasa.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, biashara hiyo hiyo ni kosa. Tangu Mei 2016, sheria ya Uganda inakataza kuuza sigara moja moja, na inakataza kumuuzia mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 21. Chicha, ambayo Wakenya na Watanzania huiita shisha, imepigwa marufuku kabisa. Vivyo hivyo tumbaku ya kutafuna na ya kunusa, sigara za umeme, na tumbaku iliyotiwa ladha ya matunda au minti.

Je, ni haki serikali kukataza aina fulani za tumbaku na kuacha nyingine ziuzwe? Historia ya mmea huu katika eneo letu inasaidia kujibu.

Mmea uliotoka mbali

Tumbaku si mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika, na ilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara wa Ulaya baada ya safari za Columbus. Hata neno "tumbaku" ni ndugu wa "tabaco" ya Wareno na Wahispania. Lakini mmea uliingia katikati ya bara kabla ya wakoloni wenyewe. Mwaka 1870 msafiri Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Munza wa Wamangbetu, katika nchi ambayo leo ni Haut-Uele, jirani ya Ituri. Aliwakuta watu wakivuta tumbaku kwa kiko kilichotengenezwa na uti wa jani la mgomba. Hakukuwa na kiwanda wala tangazo. Tumbaku ilikuwa ya wazee, ya mazungumzo na ya kubadilishana.

Ukoloni ulibadili mambo. Katika miaka ya 1920, utawala wa Waingereza uliwahimiza wakulima wa Bunyoro na West Nile kupanda tumbaku ya kuuza ili wapate pesa, na kati ya pesa hizo walipe kodi. Hizo ndizo nchi zinazotazamana na Ituri: Bunyoro iko ng'ambo ya ziwa, West Nile iko mpakani na Aru na Mahagi. Mwaka 1928 kiwanda cha sigara kilianzishwa Jinja, chini ya kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama British American Tobacco Uganda. Jambo hili lisisahaulike. Mkulima wa tumbaku hakuianza biashara hii kwa ukaidi. Serikali ndiyo iliyomwita.

Siku sayansi iliposema

Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa hospitali za London. Waliona kwamba saratani ya mapafu ilifuatana na uvutaji wa sigara. Mwaka 1964, daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema hivyo hivyo mbele ya dunia nzima.

Makampuni hayakunyamaza. Kwa miaka mingi yalitia shaka, yalilipia matangazo na kusema ushahidi haujatosha. Agosti 2006, jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba makampuni makubwa ya tumbaku ya Marekani yaliwadanganya wananchi kwa miongo mingi kuhusu hatari ya sigara. Kwa hiyo mtu anayesema "mvutaji alichagua mwenyewe" anasema nusu ya ukweli. Wengi walichagua wakiwa wamefichwa mambo, na wengi walianza wakiwa bado watoto.

Leo Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Kati yao zaidi ya milioni 1 hawavuti. Wanavuta moshi wa wengine tu.

Mwaka 2003 nchi za dunia zilipitisha mkataba wa OMS wa kupambana na tumbaku, nao ukaanza kazi Februari 2005. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliuridhia Oktoba 2005. Kwa hiyo ni ahadi yetu pia.

Kwa nini aina fulani tu?

Serikali za eneo letu hazikukataza sigara yote. Zilichagua. Julai 2016, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipiga marufuku shisha. Desemba 2017 Rwanda ilifanya hivyo, na kabla mwezi haujaisha Kenya ikafuata.

Sababu zake zinaeleweka. Ladha ya tofaa au minti inaficha ukali wa moshi, na kijana asiyeweza kumaliza sigara ya kawaida anaweza kukaa saa nzima kwenye chicha. Bomba hupita mdomo hadi mdomo, na magonjwa hupita pamoja nalo. Wengi hudhani maji husafisha moshi. Hayausafishi. OMS ilionya tangu mwaka 2005 kwamba katika kikao kimoja cha chicha mtu anaweza kuvuta moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi.

Sigara moja moja nayo ina sababu yake. Pakiti ni ghali kwa mtoto wa shule, lakini sigara moja anaipata kwa pesa ya maandazi. Na anayenunua moja haoni onyo lililoandikwa kwenye pakiti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ilikataza uuzaji huo, na Uganda ikafuata.

Upande wa afya, basi, hoja ni nzito. Bidhaa inayomvuta mtoto inastahili kuondolewa kwanza. Hilo haliwanyimi watu wazima kitu kikubwa kama kile linachowaokolea vijana.

Pale haki inapopinda

Lakini historia ina upande wa pili. Mwaka 2009 Marekani ilikataza sigara zenye ladha, isipokuwa minti. Sigara ya minti ndiyo iliyovutwa sana na Wamarekani weusi, baada ya makampuni kuitangaza mitaani kwao kwa miaka mingi. Aprili 2022 serikali ilipendekeza kuikataza nayo. Wamarekani weusi wenyewe wakagawanyika. Wengine walisema kuiacha ni kuwaacha watu wao wafe. Wengine waliogopa kwamba marufuku itawapa polisi sababu mpya ya kuwasumbua vijana wao. Januari 2025 pendekezo hilo liliondolewa.

Kenya nayo ilijifunza. Julai 2018 Mahakama Kuu iliacha marufuku ya shisha isimame, lakini ikaitaka wizara ya afya ikamilishe taratibu za kisheria. Hazikukamilishwa. Januari 2024, mahakama ya Shanzu mjini Mombasa ilisema marufuku hiyo haikuwa halali, na makumi ya watu waliokuwa wamekamatwa wakaachiliwa. Sheria nzuri iliyotungwa kwa haraka iliwaangukia wanyonge kwanza, kisha ikaanguka yenyewe.

Afrika Kusini ilikataza kuuza tumbaku yote kuanzia Machi hadi Agosti 2020, wakati wa korona. Watu wengi hawakuacha kuvuta. Walinunua kwa magendo, kwa bei ya juu, na serikali ikakosa kodi. Bhutan, nchi ndogo ya Asia, ilikataza kuuza tumbaku mwaka 2004. Mwaka 2021 ililegeza, kwa sababu magendo ya mpakani yalikuwa yakileta korona pamoja na sigara.

Na makampuni? Yanakwenda mahakamani yakiwa na mawakili. British American Tobacco Uganda ilipinga sheria ya Uganda, ikidai inakiuka haki zake. Mei 2019 Mahakama ya Katiba iliitupilia mbali kesi hiyo. Serikali ilishinda, na ilistahili kushinda. Lakini angalia tofauti: kampuni ilipata miaka mitatu ya kusikilizwa. Muuzaji wa sinia hasikilizwi hata dakika tatu. Ananyang'anywa mzigo palepale.

Ituri iko wapi katika hadithi hii?

Ituri ni mpaka. Kasenyi na Tchomia zinatazama Uganda, Mahagi na Aru zinapakana nayo. Bidhaa inayofukuzwa upande mmoja inaweza kutafuta soko upande wa pili. Kijana wa Bunia asiachiwe kuwa jalala la kile ambacho mtoto wa Hoima amekingwa nacho.

Tena, kambi zetu zina hatari yao. Katika kambi kama Kigonze, familia inalala chini ya turubai, pumzi kwa pumzi. Mtu mmoja akivuta ndani, wote wamevuta, pamoja na mtoto mchanga mwenye kikohozi. Baba aliyepoteza ng'ombe na nyumba anaweza kusema sigara inamtuliza. Ni kweli inamtuliza kwa dakika chache, kisha mwili unaidai tena, na pesa ya unga inakwenda.

Kwa hiyo kinga inahitajika hapa kuliko kwingine. Lakini wakaaji wa Ituri wanajua pia jinsi amri inavyoweza kugeuka. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, na barabara zake zina barieri nyingi. Amri ikisema tu "sigara moja moja ni marufuku", bila zaidi, ni rahisi kutabiri nani atalipa. Si mwenye lori la makatoni. Ni mama mwenye sinia.

Mkataba ulioridhiwa na Kongo mwaka 2005 una dawa ya jambo hili, ila husomwa nusu. Kifungu cha 16 kinahusu kuwakinga watoto, na kinazitaka nchi zijitahidi kukataza sigara za moja moja. Nchi nyingi hukishika hicho. Kifungu cha 14 kinataka wavutaji wasaidiwe kuacha. Kifungu cha 15 kinataka magendo yafuatwe. Na kifungu cha 17 kinataka wakulima, wafanyakazi na hata wauzaji wadogo wa tumbaku wasaidiwe kupata kazi nyingine. Mkataba ni mmoja. Anayechukua kifungu cha kukataza na kuacha cha kusaidia hajautekeleza.

Basi jibu liko wazi. Kukataza chicha, tumbaku zenye ladha na sigara za moja moja ni haki, kwa sababu mtoto hana namna nyingine ya kujilinda. Lakini haki hiyo ina mpangilio wake. Ianze mpakani na ghalani, ndipo ifike sokoni. Muuzaji apewe muda wa kumaliza mzigo na mtaji mdogo wa kuanza kitu kingine. Mzee aliyezoea miaka 40 apate muuguzi wa kumsaidia kabla ya kupata askari.

Karibu miaka 100 iliyopita, serikali jirani iliwaita wakulima waingie katika tumbaku, ikawapa mbegu na soko. Serikali ya leo inayowaita watu watoke inadaiwa angalau kiasi hicho: iwaonyeshe njia, na iwape cha kuanzia. Mama wa Boulevard hana ndoa na sigara. Akipata mtaji wa kujaza sinia karanga na maandazi, pakiti ile itatoka yenyewe.