Gongo, Pingu na Kipimo

Ndugu msikilizaji, msimu wa sikukuu ukifika hapa Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, muziki hukesha. Na panapokesha muziki, pembeni gizani pana mtu na dumu lake na kikombe cha plastiki. Mteja anagugumia haraka kabla polisi hawajatokea. Hajui ndani ya dumu mna nini. Pengine hata muuzaji hajui.

Nimelikumbuka dumu hilo niliposoma habari za matamasha ya Ulaya. Uholanzi tangu 1992 ina mpango wa kupima vidonge vya kulevya ambavyo vijana huvipeleka wenyewe. Uingereza, mwaka 2016, shirika la The Loop liliweka wapimaji ndani ya tamasha la muziki. Kijana anatoa kidonge, anaambiwa kilichomo na hatari yake, wala hakamatwi kwa kukileta.

Watu watasema huko ni kubembeleza uovu. Haya, tutazame historia yetu.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, nasi tukiwemo. Mwingereza akaliendeleza katazo hilo. Uhuru ulipokuja, Uganda ikatunga Sheria ya Enguli mwaka 1965: mpikaji awe na leseni, pombe yake iende kiwandani ikasafishwe. Ndiyo Uganda Waragi hiyo. Sisi mwaka 1966 tukatunga sheria ya moshi, yaani gongo, nayo ikataja leseni. Leseni! Miaka yote hii ninayozunguka na kinasa sauti sijaonyeshwa hata moja. Nilichokiona ni pingu, na madumu yakimwagwa.

Kenya nako pingu zilikuwepo. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 130, na wengine wakapofuka. Methanoli haijulikani kwa ladha wala kwa harufu. Mnywaji hulewa kama kawaida, akalala. Saa nyingi baadaye macho yanaingia ukungu. Akiwahishwa hospitali, dawa ipo. Lakini nani atawahi, ikiwa kusema "nimekunywa gongo" ni kama kujipeleka kituoni?

Mwaka 2010 Kenya ikaruhusu chang'aa kwa leseni. Mwaka 2014 makumi ya watu wakafa tena kwa pombe yenye sumu. Leseni ni karatasi, ndugu zangu. Sumu hutambuliwa kwa kipimo.

Wala jambo hili si geni kwetu. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watumiaji wa heroini. Mtu anafika, anakunywa dawa mbele ya mhudumu, anarudi kwake. Serikali ile ile inayokamata iliona kwamba mgonjwa hatibiwi kwa kufukuzwa.

Basi kwa nini kwenye ngoma zetu kubwa, karibu na hema la huduma ya kwanza, pasiwe na mtaalamu wa kupima gongo, na askari akae mbali na mlango huo?

Sisemi gongo ihalalishwe. Nasema mlevi aliye hai anaweza kuiacha pombe kesho. Maiti haachi kitu.

Hadi wiki ijayo.