Nywele kunyonyoka: msilaumu maji ya Nakuru kabla ya kujua chanzo

Wapwani walioko Nakuru ni wengi. Wako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, wako wafanyikazi wa mashamba ya maua Naivasha, na wako wenye biashara zao mjini. Mmoja wao akianza kunyonyoka nywele, lawama ya kwanza huangukia maji ya bara. Makala hii inaeleza sababu halisi, tiba zilizopo, na muda wa kungoja kabla ya kuona faida, ili mtu asimalize pesa dukani huku ugonjwa ukiendelea.

Maji yana kosa gani?

Ni kweli kwamba visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa la kati vina madini ya floraidi kupita kiasi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na miaka ikiwa mingi mifupa nayo huumia. Ndiyo maana Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ikatengeneza machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini floraidi haijulikani kuwa chanzo cha upara. Mwenye kunyonyoka nywele atafute kwingine.

Kukatika si kunyonyoka

Kichwa kina nywele kama 100,000. Kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Chukua unywele ulioanguka utazame ncha zake. Ukiona kidonge kidogo cheupe upande mmoja, umetoka na shina lake. Usipokiona, umekatika katikati, na mara nyingi sababu ni ukavu, dawa ya kulainisha au moto wa pasi ya nywele. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya bahari, na hewa yake ni kavu kuliko ya Mombasa. Aliyezoea unyevu wa pwani ataona nywele zikikauka na kukatika. Hapo mafuta ya nazi husaidia, kwa kuwa huulinda unywele wenyewe. Hayaoteshi nywele mpya.

Msuko wa kubana

Hii ndiyo sababu kubwa kwa wanawake wetu, na ndiyo inayoweza kuzuilika. Nywele huanza kurudi nyuma kwenye paji la uso na juu ya masikio. Utafiti uliofanywa Cape Town ulikuta tatizo hili kwa karibu mwanamke 1 kati ya 3, na kwa wasichana wa shule pia. Rasta nzito, nywele za bandia za kushonea, na kuweka dawa kisha kusuka juu yake ndiyo mambo yanayodhuru zaidi. Mtandio hauna kosa. Kosa ni fundo la nywele linalobanwa sana chini yake.

Dalili za mapema ni maumivu baada ya kusuka na vipele vidogo kwenye mashina. Msuko unaouma ufumuliwe siku hiyo hiyo. Ukiacha mapema, nywele hurudi kwa miezi kadhaa. Ukiendelea kwa miaka, ngozi huweka kovu, vinyweleo hufa, na hakuna mafuta yatakayovifufua. Mama anayemsuka bintiye wa miaka sita ajue hilo.

Mashilingi ya watoto

Mabaka ya duara yenye magamba, nywele zikiwa zimekatika karibu na ngozi, aghalabu ni fangasi. Huambukizana kwa kofia, vitana na mashine ya kinyozi. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, kwa sababu fangasi hawa wamo ndani ya shina la unywele. Tiba ni dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Wengi huacha dawa wakiona baka limepoa, nalo hurudi. Nyumba nzima ichunguzwe.

Baada ya uzazi, homa au dhiki

Nywele zinazopukutika kichwa kizima, miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji au msiba, kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya miezi 6 hadi 12. Zisipopungua, pima damu: upungufu wa madini ya chuma na ugonjwa wa tezi ya shingo huleta hali hii hii.

Vipara vya duara vilaini

Hapa kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele. Si uchawi wala si ugonjwa wa kuambukiza. Vikiwa vichache, nywele nyingi huota tena ndani ya mwaka hata bila dawa. Daktari wa ngozi anaweza kudunga sindano za steroidi kwenye baka kila baada ya wiki 4 hadi 6.

Upara wa ukoo

Huu hurithiwa kwa baba na kwa mama pia. Dawa zenye ushahidi ni chache. Minoksidili hupakwa kila siku. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kuanguka zaidi, na matokeo huanza kuonekana baada ya miezi 4 hadi 6. Ukiacha, ulichokipata hupotea kwa miezi michache. Finasteraidi humezwa na wanaume kwa ushauri wa daktari, kwani huweza kupunguza hamu na nguvu za kiume. Mwanamke mjamzito asiitumie kabisa. Dawa hizi huhifadhi zaidi ya kurudisha.

Ufanye nini

Nenda hospitali mapema ukiona maumivu, usaha, kovu, ngozi iliyolainika na kung'aa, au nywele zikianguka pamoja na homa na vidonda. Anza kwa kituo cha afya kilicho karibu, na uombe barua ya kumwona daktari wa ngozi ikibidi. Chukua picha ya kichwa kila mwezi, mahali pamoja na kwenye mwanga ule ule. Kioo cha kila siku hudanganya. Unywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo anayekuahidi kichwa kizima kwa wiki mbili anataka pesa zako.

Mafuta yasiyo na orodha ya vilivyomo yaachwe. Dawa inunuliwe kwenye famasia iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kitunguu, mwarubaini na hina si vibaya kichwani kwa asiyedhurika navyo, ila visichukue nafasi ya tiba ya fangasi au ya kovu linaloendelea kuenea. Katika magonjwa hayo mawili, kila mwezi wa kungoja unaweza kugharimu nywele zisizorudi tena.