Picha za Vilima Vyetu

Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kuhifadhi udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti kuhusu Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni yote ndani yake, Kasikeu yetu ikiwemo. Makorongo yalipigwa picha mwaka huo. Vilima vilikuwa vipara kweli. Susu wangu, yaani nyanya, hakulikana hilo hata siku moja. Ila picha haikuonyesha malisho tuliyonyang'anywa wakapewa walowezi. Serikali ikaona ng'ombe tu: ni wengi, wapunguzwe kwa nguvu.

Julai 1938 Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba waliopinga hatua hiyo, akawaongoza maelfu, akina mama na watoto wakiwemo, hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wakitaka kumwona gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini ng'ombe hawakuendelea kuchukuliwa kwa lazima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipiga picha upya pale pale zilipopigwa zile za 1937. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989, na bado vilima vilikuwa na matuta na miti. Kitabu chao cha 1994 kiliwashangaza wafadhili wengi. Sisi tuliijua kazi hiyo kwa mikono: mwethya, yaani kufanya kazi pamoja kwa kusaidiana, na fanya juu, yaani kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Wengi waliochimba walikuwa wanawake, na nalisema hili kila ninapopata nafasi kwa sababu picha hazina majina yao.

Picha hizo zilipigwa na wengine, si sisi. Lakini Januari 2008, ghasia za uchaguzi zilipopamba moto, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyojazwa na habari za raia wenyewe, nyingine zikitumwa kwa simu. Hapo ndipo aliyeathirika alipopata kuweka alama kwenye ramani kwa mkono wake.

Leo Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa za kila mwezi zenye ramani za rangi zinazotokana na setilaiti. Zinasaidia sana. Lakini setilaiti huona kijani cha kichaka ambacho mbuzi hali, na haijui foleni ya mitungi kwenye kisima cha mchangani. Ndiyo maana naomba vikundi vyetu vya mwethya vipige picha visima hivyo kila mwezi, viandike tarehe na kina cha maji, kisha vizipeleke mjini Wote, makao makuu ya kaunti, kabla bajeti haijapitishwa.