Nani Ausome Mswada Kwanza?

Mimi husoma miswada. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Rungwe hadi nilipostaafu, na tangu hapo walimu wenzangu wanaoandika, pamoja na mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam, huniletea riwaya za vijana nizipitie kabla hazijaenda kiwandani. Hapa Tukuyu watu hustaajabu kusikia kwamba hiyo nayo ni kazi. Ni kazi, tena ya miaka mingi. Ukiifuatilia historia yake utaelewa kwa nini vitabu vingine watoto hugombania na vingine hulala kabatini hadi vikaota ukungu kwa mvua zetu.

Kazi hiyo ilipata ofisi tarehe 1 Januari 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Miaka miwili kabla, mkutano wa Mombasa ulikuwa umekichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Katibu wa kwanza wa Kamati, Frederick Johnson, ndiye aliyetafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kilichosomwa na vizazi vya vijana wa shule. Miongoni mwa majukumu ya Kamati yalikuwa kusoma miswada, kusahihisha lugha, kuwashauri waandishi na kutoa kibali kwa vitabu vilivyofaa shuleni. Kwa miaka mingi ya mwanzo wajumbe wake wote walikuwa Wazungu.

Siidharau kazi yao. Bila Kiswahili sanifu, kitabu kilichoandikwa Tanga kisingesomeka vizuri huku kwetu, ambako mtoto huanza na Kinyakyusa nyumbani na kukutana na Kiswahili darasani. Lakini msomaji wa mswada mwenye kibali mkononi hutangulia kuuliza: lugha hii ni sanifu? Kama mtoto wa miaka kumi na mbili atafika ukurasa wa mwisho, hilo ni swali la mtu mwingine. Hapo ndipo usomaji wa miswada ulipozaliwa na sura ya ruhusa kuliko ushauri, na sura hiyo haijatutoka hadi leo.

Mwaka 1948 Nairobi ilipata East African Literature Bureau, shirika lililowasaidia waandishi wa Afrika Mashariki kuhariri na kuchapisha kazi zao. Shaaban Robert alishiriki katika shughuli zake, kama alivyoshiriki katika ile Kamati ya Kiswahili. Ni shirika hilo lililotoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, riwaya ya msichana anayeharibikiwa baada ya malezi ya ukali uliopita kiasi. Kwa muda ilizuiwa mashuleni. Watu wazima walikuwa na hofu ya haki kuhusu watoto wao. Hata hivyo, wasichana ambao kisa kile kiliwahusu walikuwa wa mwisho kuulizwa walichokielewa. Shirika lenyewe lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lilikuwa limekwisha kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hadi sasa hutoa ithibati ya lugha. Muhuri huo una thamani, nami huwaambia waandishi wautafute. Ila muhuri unathibitisha lugha. Haukuambii kwamba sura ya nne inachosha.

Mageuzi niliyoyaona kwa macho yangu yalianza mwaka 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mswada ulisomwa na wataalamu, mwandishi akarudishiwa maoni, akakaa kwenye warsha na wahariri na wachoraji, akaandika upya. Ukikubaliwa, mchapishaji alichapa nakala 5,000 na mradi ukanunua 3,000 kwa ajili ya maktaba za shule. Utaratibu huo ulimpa mchapishaji soko na kumpa mwandishi sababu ya kuandika tena. Wapo waliosema kwamba vitabu havina wasomaji vijijini. Mimi niliona watoto wakisubiriana zamu ya kitabu kimoja chenye kurasa thelathini.

Rungwe ina sababu yake ya kuwasikiliza vijana. Zamani, mvulana wa Kinyakyusa alipofika kama miaka kumi au kumi na moja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akajenga na wenzake wa rika kijiji chao. Walikula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, lakini jioni ilikuwa yao. Wazee walijua kwamba rika lina mazungumzo yake na masikio yake. Anayetaka kuandikia rika hilo hana budi kubisha hodi kijijini kwao.

Ndiyo maana mimi husoma mara mbili. Mara ya kwanza husoma peke yangu, penseli mkononi. Mara ya pili huwasomea kwa sauti watoto wa darasa la sita, barazani kwangu. Karibuni nilipokea mswada wa kijana mmoja kuhusu msichana anayechuma chai Katumba ili apate ada ya sekondari. Lugha ilikuwa safi, sikuwa na la kusahihisha. Nilipofika pale msichana anapofuta jasho shambani alfajiri ya mwezi wa Julai, mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Julai gani hiyo? Sisi si tunakuja na masweta?"

Wote wakacheka. Mwingine akauliza kwa nini kikapu hakijai hata siku moja, na meneja anafoka kurasa tatu nzima. Niliandika pembeni: uk. 31, baridi na ukungu, uk. 44 hadi 46, hotuba ya meneja, watoto wameanza kuchezea majani ya migomba. Nikaandika pia kwamba pale msichana anapomficha mdogo wake ndani ya kikapu hakuna aliyepumua, na hapo mwandishi asiguse hata nukta.

Maoni ya namna hiyo ndiyo yanayomjenga mwandishi: yana namba ya ukurasa, yanasema kilichofaulu pamoja na kilichoshindikana, na yanamwachia mwandishi uamuzi. Kumwandikia mtu "mswada haufai" bila sababu ni kumnyima elimu. Kumsifu kwa sababu ni ndugu yako ni kumpoteza kabisa.

Leo tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023. Washindi hupewa fedha na kuchapishiwa kazi zao, jambo la kupongezwa. Ombi langu ni kwamba kila aliyeshindana, hata aliyekosa, apate ukurasa mmoja wa maoni ya msomaji. Wachapishaji nao wamlipe msomaji wa mswada kama wanavyomlipa mchoraji, kwani kitabu kibovu kilichochapwa ni hasara kubwa kuliko ujira wake. Nanyi walimu wenzangu wa Rungwe, kijana akikuletea daftari lake la hadithi, lisome, uwasomee na watoto, kisha mwandikie ulichokiona. Ukimrudishia kwa neno "nzuri" tu, hujamsaidia.